Nyumba kuukuu: Pima madini ya risasi kabla ya kukwangua rangi

FUNDI anapoingia katika nyumba kuukuu akiwa na msasa na kisu cha kukwangulia, wenyeji hufurahi kwamba hatimaye makao yao yatapata sura mpya. Ni wachache wanaouliza rangi inayoondolewa ilichanganywa na nini, na vumbi lake litatua wapi.

Swali hilo lina uzito. Kwa miongo mingi, rangi za mafuta zilizopakwa kwenye milango, madirisha, vyuma na hata kuta zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mwili wa binadamu.

Rangi ya aina hiyo ikiwa bado imeshika vyema haimdhuru mtu mara moja. Balaa huanza inapobambuka, au inaposuguliwa hadi ikawa vumbi. Vumbi hilo hutanda sakafuni, likamshika mtoto mikononi anapotambaa, na mikono hiyo haikawii kuingia kinywani.

Ndiposa wataalamu wa afya ya umma husisitiza kwamba siku ya hatari zaidi katika nyumba kuukuu si siku ambayo rangi inachakaa polepole, bali ni siku ya ukarabati. Anayetaka kujikinga sharti apime kwanza, kisha ndipo aamue iwapo atakwangua, atafunika au ataacha rangi ilivyo.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua sehemu za kushukiwa, njia zilizopo za kupima, maana ya matokeo na hatua zinazofaa kuchukuliwa.

Jinsi risasi ilivyoingia katika rangi

Risasi ni metali laini na nzito, yenye rangi ya kijivu. Ndiyo hiyo hiyo iliyozipa risasi za bunduki jina, kwa kuwa hutumiwa kuzitengeneza. Wengine huiita ledi.

Watengenezaji wa rangi waliipenda kwa sababu kadhaa. Chumvi moja ya metali hii huwa nyeupe pe, nayo ilitumiwa kutengeneza rangi nyeupe iliyofunika vyema na kudumu. Nyingine huwa ya manjano au ya machungwa yaliyokolea, na ikichanganywa na samawati huzaa kijani.

Aina ya tatu, iliyo nyekundu, ilipakwa kwenye vyuma ili kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu kutiwa. Aidha, kiasi kidogo cha madini hayo kiliongezwa katika rangi za mafuta ili zikauke upesi.

Madhara yake hayakugunduliwa jana wala juzi. Mnamo 1904, daktari wa macho aliyeitwa Lockhart Gibson, wa jimbo la Queensland nchini Australia, aliandika kwamba watoto waliokuwa wakiugua sumu ya risasi huko waliipata kutokana na rangi iliyopakwa kwenye kuta na vizuizi vya veranda za nyumba zao.

Ufaransa ilipitisha sheria ya kudhibiti rangi nyeupe ya risasi mwaka wa 1909. Mwaka wa 1921, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi ya rangi hiyo ndani ya majengo. Hata hivyo, Marekani ilingoja hadi 1978 kabla ya kupiga marufuku rangi zenye risasi nyingi katika makao ya watu.

Humu nchini, petroli yenye risasi iliondolewa vituoni kufikia mwanzo wa mwaka wa 2006. Taifa la mwisho duniani kuacha kuuza mafuta hayo kwa magari lilikuwa Algeria, mwaka wa 2021, na tangazo la ufanisi huo lilitolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Gigiri jijini Nairobi.

Suala la rangi limechukua muda mrefu zaidi. Muungano wa kimataifa wa kutokomeza rangi zenye risasi, unaoongozwa na UNEP na Shirika la Afya Duniani, WHO, ulianzishwa 2011. Kiwango kinachopendekezwa ni kwamba rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja, yaani miligramu 90 katika kilo moja ya rangi iliyokauka. Kenya imekikubali kiwango hicho katika viwango vyake vya ubora.

Umri wa nyumba pekee hautoshi

Nchini Marekani, mwenye nyumba huanza kwa kuuliza jengo lake lilijengwa lini. Takwimu za huko zinaonyesha kwamba rangi ya risasi hupatikana katika takriban asilimia 87 ya nyumba zilizojengwa kabla ya 1940, asilimia 69 ya zile za kati ya 1940 na 1959, na asilimia 24 ya zilizojengwa kati ya 1960 na 1977.

Mkenya hawezi kuutegemea ukomo huo wa 1978. Rangi zenye risasi ziliendelea kuuzwa katika mataifa mengi yanayostawi muda mrefu baada ya mwaka huo. Uchunguzi wa rangi za mafuta zilizokuwa madukani humu nchini, uliochapishwa mwaka wa 2017 na shirika la CEJAD kwa ushirikiano na mtandao wa kimataifa wa IPEN, ulibaini kwamba baadhi yake zilikuwa zimepita mno kiwango cha 90.

Maana yake ni kwamba nyumba iliyojengwa enzi za ukoloni katika mitaa kama Kaloleni au Bahati jijini Nairobi inastahili kuchunguzwa, lakini hata nyumba iliyopakwa rangi miaka 15 iliyopita haiwezi kuachwa nje ya orodha. Nyumba kuukuu huongeza shaka kwa sababu ina tabaka nyingi: kila mpangaji aliyepita aliacha mkono wake wa rangi juu ya mwingine.

Aina ya rangi huwa dalili bora kuliko umri wa jengo. Rangi ya mafuta, ile inayong'aa na kuhitaji thina au tapentaini ili kuiyeyusha, ndiyo ya kushukiwa kwanza. Rangi ya maji inayopakwa kwenye kuta za vyumba na dari ni nadra kuwa na risasi nyingi, ingawa huenda imefunika rangi kongwe ya mafuta chini yake. Chokaa nyeupe, kama ile iliyopakwa kwa karne nyingi kwenye kuta za mawe ya matumbawe katika miji ya pwani, si rangi ya risasi.

Anayedhurika

Mtu yeyote anaweza kudhurika, lakini mtoto wa chini ya umri wa miaka sita ndiye aliye hatarini zaidi. Ubongo wake ungali unakua, huchezea sakafuni na hutia kila kitu kinywani. Kulingana na WHO, mwili wa mtoto mchanga hufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano zaidi ya ule wa mtu mzima.

Mtoto asiyepata madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha katika chakula hufyonza zaidi. Kwa hiyo, umaskini wa lishe na uchakavu wa nyumba, mambo ambayo mara nyingi huandamana, huzidishiana makali.

Risasi ikishaingia mwilini husambaa katika damu, ubongo, ini na figo, kisha hujihifadhi katika mifupa na meno kwa miaka mingi. Mwanamke aliyeathiriwa utotoni anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni sumu hiyo, kwa kuwa mifupa huachilia risasi wakati wa ujauzito.

Watu wazima huathiriwa pia. Shinikizo la damu hupanda na figo hudhoofika. Mafundi wa rangi, maseremala wanaokarabati milango ya zamani na wachomeleaji vyuma hukabiliwa na hatari hiyo kazini, na huweza kuipeleka nyumbani kwao kupitia nguo na viatu vyenye vumbi.

Jambo linalotatiza ni kwamba sumu hii haina dalili yake maalumu. Mtoto huweza kulalamika kuumwa na tumbo, kufunga choo, kupungukiwa na damu, kuwa na hasira au kushindwa kutulia darasani. Mzazi atadhani ni minyoo au utundu. Kiasi kikubwa mno huleta degedege, kupoteza fahamu na hata kifo, lakini kiasi kidogo hupunguza uwezo wa kujifunza bila kelele yoyote.

WHO inasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Ripoti ya UNICEF na shirika la Pure Earth ya mwaka wa 2020 ilikadiria kwamba takriban mtoto mmoja kati ya kila watatu duniani ana mikrogramu tano au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu. Rangi ni chanzo kimojawapo tu cha mzigo huo.

Anza kwa macho

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, zunguka nyumba yako taratibu ukiwa na kalamu na daftari. Andika kila mahali palipopakwa rangi ya mafuta, na hali yake ilivyo.

Sehemu za kwanza ni zile zinazosuguana. Dirisha linapofunguliwa na kufungwa, fremu husagana na bawa lake na kuzalisha vumbi kila siku. Mlango unaokwama kwenye miimo yake hufanya vivyo hivyo. Kagua pia ngazi na sakafu za mbao zilizopakwa rangi.

Pili ni sehemu ambazo mtoto huzifikia kwa meno: kizingiti cha dirisha, kitanda cha zamani, reli za ngazi na vyuma vya veranda. Usisahau samani kuukuu na vifaa vya kuchezea vilivyorithiwa.

Tatu ni vyuma. Malango, grili na madirisha ya chuma ya nyumba nyingi za mijini hupakwa rangi ya mafuta mara kwa mara, na huenda rangi ya kwanza iliyozuia kutu ilikuwa ya risasi.

Nne ni udongo ulio chini ya kuta na madirisha ya nje. Rangi iliyobambuka kwa mvua na jua huanguka hapo, na ndipo kuku hudonoa na watoto huchimba.

Rangi iliyopasuka ikawa na mistari kama magamba ya mamba, inayotoka vipande au inayoacha unga kiganjani inahitaji kushughulikiwa upesi. Pahali penye unyevu, kama ukuta ulio karibu na bomba linalovuja, huharibika kwanza. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa, asiyeziba uvujaji hulea vumbi.

Macho, hata hivyo, hayawezi kuiona risasi. Hayatofautishi rangi ya manjano yenye sumu na ya manjano isiyo nayo. Ndipo vipimo vinapohitajika.

Njia za kupima

Njia ya kwanza ni dawa ya kubadilisha rangi. Huuzwa katika vijiti vyenye pamba au vichupa vidogo. Mtumiaji hukata sehemu ndogo ya rangi kwa wembe ili tabaka zote zionekane, kisha hupaka dawa. Aina moja hugeuka waridi au nyekundu inapokutana na risasi. Nyingine hugeuka nyeusi.

Wepesi wa njia hii ndio udhaifu wake. Dawa inayogeuka nyekundu hutatiza kusomwa juu ya rangi nyekundu, na inayogeuka nyeusi haifai juu ya rangi iliyokoza. Vumbi la jasi linaweza kuzuia mabadiliko na kumfanya mtu aamini hakuna kitu. Anayepaka dawa juu ya tabaka la mwisho pekee hatajua kilicho chini yake.

Isitoshe, vifaa hivyo huonyesha kama risasi ipo, wala havitaji kiasi chake. Vingi vilikusudiwa kugundua risasi nyingi ya rangi kongwe, si kuthibitisha kwamba rangi iko chini ya 90. Jibu la "ipo" lichukuliwe kwa uzito; jibu la "haipo" lisichukuliwe kuwa hati ya usalama, hasa kwenye chumba cha mtoto.

Njia ya pili ni mashine ya miale ya eksirei inayoshikwa mkononi, mithili ya bunduki fupi. Huelekezwa kwenye rangi, na kwa muda mfupi husoma kiasi cha risasi kilichoko, hata kikiwa chini ya tabaka nyingine, bila kuharibu chochote. Nyumba nzima huweza kupimwa kwa saa chache.

Mashine hiyo ni ghali na huhitaji mtu aliyefunzwa. Kwa familia moja gharama huenda ikawa nzito, lakini kwa mwenye jengo la nyumba nyingi za kupangisha, shule ya chekechea au kanisa kuukuu, kumwalika mtaalamu mmoja apime sehemu zote huweza kuwa nafuu kuliko kupeleka sampuli nyingi maabara.

Njia ya tatu ni kupeleka kipande cha rangi maabara. Hii ndiyo inayofaa zaidi mtu anayetaka jibu la uhakika kuhusu sehemu chache. Rangi huyeyushwa kwa asidi na risasi iliyomo hupimwa kwa mitambo. Uliza maabara za serikali au za kibinafsi mapema kama hupima risasi katika rangi, bei yake, na ukubwa wa sampuli unaohitajika.

Njia ya nne ni kupima vumbi. Kitambaa maalumu chenye unyevu hupanguzwa juu ya eneo lililopimwa kwa rula, sakafuni au kizingitini, kisha hupelekwa maabara. Kipimo hiki hakisemi rangi ina nini, bali huonyesha kile ambacho mtoto anakutana nacho leo. Manufaa yake makubwa ni baada ya ukarabati, ili kuthibitisha kwamba usafi umetimia.

Jinsi ya kuchukua sampuli

Kazi hii ni ndogo, lakini ikifanywa ovyo hutoa matokeo ya uongo na kueneza vumbi. Fuata hatua hizi:

1. Watoe watoto na wajawazito chumbani. Zima feni na ufunge madirisha ili upepo usipeperushe vumbi.

2. Vaa glovu na barakoa. Tandika karatasi ya plastiki chini ya mahali unapokata.

3. Nyunyizia maji kidogo kwenye rangi ili isitimke.

4. Kwa kisu chenye makali, kata tabaka zote hadi ufikie mbao, chuma au plasta. Usichukue tabaka la juu pekee, kwani mara nyingi sumu imo katika la chini.

5. Jihadhari usibebe mbao au saruji. Uchafu huo huongeza uzito wa sampuli na kufanya kiasi cha risasi kionekane kidogo kuliko kilivyo.

6. Tia kipande katika mfuko safi wa plastiki, uufunge na kuandika chumba, sehemu na tarehe. Usichanganye rangi ya mlango na ya dirisha katika mfuko mmoja.

7. Panguza mahali hapo kwa karatasi yenye maji na sabuni, uzibe jeraha la rangi kwa utepe, kisha unawe mikono.

Mwenye fedha za sampuli mbili au tatu pekee achague dirisha la chumba anacholala mtoto, mlango unaosuguana zaidi, na mahali popote rangi inapobambuka.

Kuyasoma matokeo

Matokeo ya maabara aghalabu huandikwa kama sehemu kwa milioni, au kama asilimia ya uzito. Sehemu 10,000 kwa milioni ni sawa na asilimia moja.

Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa kuna vipimo viwili tofauti. Kiwango cha 90 kinahusu rangi mpya inayotengenezwa na kuuzwa. Kwa rangi ambayo tayari iko nyumbani, sheria za Marekani huiita rangi ya risasi inapofikia sehemu 5,000 kwa milioni, yaani nusu ya asilimia, au miligramu moja kwa kila sentimita mraba mashine ya eksirei inapotumiwa.

Usidanganyike kwamba 4,000 ni salama kwa sababu haijafika 5,000. Rangi kama hiyo ikisagwa kwa msasa katika chumba kidogo inaweza kutoa vumbi la kutosha kumdhuru mtoto. Jibu lolote lililo juu ya 90 likufanye uamue kwamba sehemu hiyo haitakwanguliwa ikiwa kavu.

Kwa upande mwingine, matokeo ya juu si amri ya kuhama usiku. Tazama hali ya rangi. Ikiwa nzima, haisuguani na haifikiwi na mtoto, iache na uikague kila baada ya miezi michache. Kuibandua rangi iliyotulia huweza kuleta madhara makubwa kuliko kuiacha.

Ukipata risasi

Ipo mifano minne ya hatua, na uchaguzi hutegemea hali ya rangi na uwezo wa mfuko.

Kwanza ni kutengeneza chanzo cha uharibifu: ziba bomba na paa linalovuja, rekebisha bawaba za mlango unaokwama. Pili ni kufunika, ama kwa mbao na bodi mpya, ama kwa rangi nzito iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Rangi ya kawaida pekee haitoshi mahali panaposuguana.

Tatu ni kuondoa kifaa kizima, kama vile dirisha au mlango, na kuweka kipya. Mlango ulioondolewa usiuzwe kwa mwingine bila kumweleza, wala usipasuliwe kuni. Moshi na majivu ya mbao zenye rangi ya risasi ni sumu, iwe jikoni, kwenye choma au katika oka ya mkate.

Nne ni kuondoa rangi yenyewe. Kazi hii apewe fundi anayejua hatari zake. Mambo yafuatayo hayafai kabisa:

- Kusugua kwa msasa mkavu au kwa mashine isiyo na kifyonza vumbi.

- Kuchoma rangi kwa moto wa gesi, kwani joto kali hugeuza risasi kuwa mvuke.

- Kufagia vumbi kwa ufagio mkavu.

- Familia kulala au kupika katika nyumba huku kazi ikiendelea.

Badala yake, fundi alowanishe rangi kabla ya kukwangua, afunike sakafu kwa plastiki nzito, afunge milango ya vyumba vingine na atoe samani. Vitambaa vya kuzuia vumbi barabarani havitoshi. Barakoa iwe ya kuchuja chembe ndogo. Avue nguo za kazi kabla ya kwenda kwake, nazo zifuliwe mbali na za watoto.

Kazi ikiisha, okota vipande vyote na kuvifunga katika mifuko miwili. Piga deki kwa maji ya sabuni ukitumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuza, ukibadilisha maji mara kwa mara. Rudia hadi kitambaa kitoke safi. Maji hayo yasimwagwe kwenye bustani ya mboga.

Wakati unaposubiri fedha za ukarabati, hatua nyepesi husaidia: panguza vizingiti vya madirisha kwa kitambaa chenye maji kila juma, acha viatu mlangoni, na uwazoeshe watoto kunawa kabla ya kula na kulala. Wape vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu, kama maharagwe, dengu, mboga za kijani, maziwa na omena.

Mpime pia mtoto

Kupima rangi hueleza hali ya nyumba. Kujua hali ya mtoto, ni kipimo cha damu pekee. Mzazi ambaye matokeo ya rangi ni ya juu, au ambaye mtoto wake alikuwepo wakati rangi ikikwanguliwa, amweleze daktari bayana na kuomba kipimo cha risasi. Kipimo cha kawaida cha malaria au cha wingi wa damu hakionyeshi sumu hii.

Mwongozo wa WHO wa 2021 unasema chanzo kitafutwe na kuondolewa iwapo damu ina mikrogramu tano au zaidi kwa desilita. Marekani hutumia 3.5 kama kiwango cha kuzua tahadhari. Mtoto mwenye 45 au zaidi huhitaji dawa za kutoa risasi mwilini, chini ya uangalizi wa hospitali.

Dawa hizo haziwezi kurudisha uwezo wa ubongo uliokwisha kupotea. Tena, mtoto akitibiwa na kurudishwa katika chumba kile kile chenye vumbi, kiwango hupanda upya.

Iwapo damu ina risasi na rangi haina hatia, chunguza vyanzo vingine: uyeyushaji wa betri kuukuu karibu na makao, sufuria zilizofuliwa kwa mabaki ya metali, baadhi ya wanja wa macho, na kazi ya wazazi.

Mkasa wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ungali funzo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofunguliwa hapo 2007 kiliwaathiri wakazi kwa risasi hadi kilipofungwa 2014. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni hiyo, alituzwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka wa 2015. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka wa 2020, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikarejesha fidia hiyo mwaka wa 2024. Fedha zilichukua miaka, sumu haikungoja.

Mpangaji na mwenye nyumba

Wengi mijini hawaishi katika nyumba zao. Mpangaji asikwangue rangi kwa siri. Amwandikie mwenye nyumba barua, aambatanishe picha na matokeo ya maabara, na kuweka nakala. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda kortini haki hiyo inapokiukwa.

Mwenye nyumba naye ana faida ya kupima mapema. Anayejua sehemu tatu zenye risasi hushughulikia hizo tatu. Asiyejua hukwangua nyumba nzima na kuwaachia wapangaji vumbi.

Hatimaye, usibandue sumu ya jana na kupaka nyingine leo. Unaponunua rangi, soma mkebe, tafuta alama ya ubora ya KEBS na umwombe muuzaji rangi iliyothibitishwa kutozidi kiwango cha 90. Weka risiti na uandike ndani ya kabati aina ya rangi na mwaka uliopakwa. Atakayekarabati nyumba hiyo miaka 20 ijayo hatalazimika kukisia.